Kivuli juu ya vidole

Ndugu mfanyakazi, chini ya mine hukubali kushika kazi bila taa kwenye kofia. Lakini nyumbani, katika ateliye yako, unakata chuma kwa ampuli moja inayoning'inia nyuma ya mgongo. Mwili wako unazuia mwanga, na kivuli kinaangukia pale pale penye vidole. Mimi nasema: kabla ya kununua mashini nyingine, nunua mwanga.

Usihesabu wati tu. Soma lumeni kwenye kartoni. Ateliye ya metre 3 kwa 4 inataka lumeni 6.000 hivi, yaani tubu za LED tatu au nne za metre 1,20. Zifunge juu ya meza ya kazi, mbele kidogo ya kichwa chako. Plafo na kuta, paka chokaa nyeupe.

Jihadhari na LED za bei ya kutupa. Umeme wetu ni wa Hertz 50. Taa mbaya hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho lisitambue. Chini yake jiwe la kunolea linalozunguka laweza kuonekana limesimama, na mtu akapeleka mkono! Dukani, tikisa kalamu upesi chini ya taa: ukiona kalamu nyingi zilizoachana, iache hapo.

Siku ya kufunga, zima disjonkteri, kisha pima waya kwa testa. Usiseme «umeme umekatika mtaani»: hurudi bila kubisha hodi. Na wewe mama, tubu za zamani za neon zina zebaki. Watoto wasizivunje kwa mchezo.