Mwizi Kakimbia, Umati Umebaki

Anayeijua Kariakoo anajua kinachofuata mtu akipiga ukelele wa "Mwizi!" pale Mtaa wa Congo. Kabla kibaka hajaifikia Msimbazi, watu wamekwishajaa, meza za wamachinga zimepinduka, nyanya zimekanyagwa. Mwizi kachukua simu moja. Hasara iliyotapakaa chini ni ya umati.

Sikio la kati la mtoto huugua hivyo hivyo, ndiyo maana kurasa nyingi za toleo hili tumezipa saitokini, protini ndogo ambazo chembe za mwili huitana kwazo. Bakteria kama nimokoko hupanda kutoka nyuma ya pua kwa mrija wa Yustakio, ambao kwa mtoto ni mfupi na umelala. Chembe za ukuta wa sikio zikiwagundua hupiga ukelele: saitokini ziitwazo TNF na interlukini-1. Mishipa ya damu inatanuka, majimaji yanavuja. Interlukini-8 inaita neutrofili, askari wanaokuja kwa makundi na kufia papo hapo. Usaha tunaoufuta kwa pamba umejaa maiti zao. Utando nao, ukichochewa na TNF, unamwaga ute mzito kama ulimbo. Chinchila, kijinyama cha Andes kinachopendwa na watafiti wa masikio, kikitiwa sikioni bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto, sikio bado hujaa maji. Mwizi maiti, umati unakuja tu.

Lakini duka la dawa la mtaani lina jibu moja kwa kila sikio: antibaiotiki. Hatuidharau, inaokoa. Tunachobishia ni imani kwamba mdudu akifa kazi imekwisha.

Mwaka 1996 watafiti Minja na Machemba walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 802 wa shule za msingi za Dar es Salaam: sikio sugu la usaha lilionekana kwa asilimia 9.4 ya watoto wa vijijini, na asilimia 1.3 tu ya wa mjini. Mkazi wa Kariakoo asishangilie. Usaha huonekana na jirani pia; maji yaliyojificha nyuma ya kiwambo kizima cha sikio hayaonekani, na mwenye nayo, kwa kuwa hasikii vizuri, huitwa mtukutu, au mzito wa kuelewa.

Basi umati utawanywe kwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe? Uingereza walijaribu, matokeo yakatoka 2018. Watoto 389 wenye maji hayo sikioni waligawanywa, wengine wakapewa steroidi iitwayo prednisoloni kwa wiki moja, wengine kidonge kitupu. Baada ya wiki 5 waliosikia vizuri walikuwa asilimia 40 kwa 33, tofauti ndogo mno. Na kuziba midomo yote ni hatari: panya wa maabara waliozaliwa bila TNF hukaa na uvimbe wa sikio muda mrefu kuliko wenzao, kwa sababu ukelele ule ule unaoleta vurugu ndio unaoleta walinzi. Kinachotafutwa sasa ni ukelele upi unyamazishwe, na lini. Waandishi wetu hawakubaliani, nami sikuwalazimisha.

Wakati wanabishana, mama anamaliza dozi ya mwanawe, homa imeshuka, anarudi kwenye genge lake. Majimaji huweza kubaki sikioni wiki kadhaa, hata miezi 3. Nani, katika kliniki zetu, anampangia tarehe ya kurudi ili sikio lile lichunguliwe tena?