Binti Anapokwenda Kusoma Hisabati

Mwezi huu tuzungumze na mama ambaye binti yake amefaulu kidato cha sita na kuchaguliwa kusoma hisabati chuo kikuu. Kwetu Goziba binti huyo huvuka ziwa, akaenda mbali na macho yetu. Ni vema tujue anakutana na nini huko.

Wengi tunadhani anakwenda kufanya hesabu zile zile, ila ndefu zaidi. Shuleni alisifiwa kwa kupata jibu upesi. Chuoni hudaiwa uthibitisho. Sote tulifundishwa kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa hutoa shufwa: 7 na 9 ni 16. Chuoni mifano haitoshi, hata ikiwa elfu. Lazima aeleze kwa nini ni hivyo daima. Panga sato 7 wawili wawili, mmoja atabaki. Panga 9, mmoja atabaki. Hao waliobaki wakikutana, nao ni jozi. Huo ndio uthibitisho.

Kuzoea kufikiri hivyo huchukua muda. Swali moja laweza kumshinda siku nzima. Aliyekuwa wa kwanza darasani aweza kupata alama za chini katika majaribio ya mwanzo, akapiga simu akilia kwamba hana akili. Hapo ndipo mama anapohitajika. Tusimwambie arudi nyumbani aolewe. Tumwulize: Je, unasoma pamoja na wenzako? Umemwendea mwalimu? Unakula na kulala? Akikosa usingizi siku nyingi au akijitenga na watu, aonane na mshauri wa wanafunzi au daktari.

Tena asikubali kuambiwa kwamba somo hili ni la wanaume. Profesa Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1986 akapata shahada ya udaktari huko Berlin, Ujerumani. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hisabati. Fani yake ni mtiririko wa vimiminika, jambo ambalo sisi watu wa ziwani hatuwezi kulidharau.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mjenzi wa mnara, ambaye imempasa kupiga hesabu ya gharama kabla ya kuanza. Nasi tuhesabu mapema: nauli, chakula, vitabu, na miaka mitatu ya kumwombea na kumtia moyo.