Joram Kiango Arudi Kwao Kigoma

Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea anayeingia kazini pale wengine wamekwisha kukata tamaa, alibuniwa na mtoto wa Kigoma. Ben Mtobwa alizaliwa mwaka 1958, akawa mwandishi wa habari na mtunzi wa riwaya, akaanzisha kampuni ya uchapishaji ya Heko na kufariki dunia mwaka 2008. Ameacha Salamu Toka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena na Tutarudi na Roho Zetu?, vitabu ambavyo ukivishika jioni unavimaliza alfajiri.

Hata hivyo, kijana wa Kasulu, Kibondo au Mtendeli anaweza kumaliza kidato cha nne bila kulisikia jina la Mtobwa. Ni aibu kwa mkoa mzima.

Wanaozibeza riwaya hizi husema ni za kupotezea muda. Historia ya riwaya za upelelezi za Kiswahili haisemi hivyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Humo maiti inakutwa penye mzimu, na minong'ono inaanza kwamba wahenga wamekasirika. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni kama Sherlock Holmes, hatishiki. Anauliza nani alikuwa wapi, nani ananufaika na kifo hicho, na maneno ya nani hayalingani. Jibu analipata kwa binadamu, si kwa mizimu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo, kisha mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona.

Somo la Bwana Msa lina thamani kubwa. Pale ambapo kifo cha ghafla hutafutiwa mchawi kabla matanga hayajaanuliwa, msomaji aliyezoea kudai ushahidi si rahisi kuburuzwa na umbea.

Tena kuna faida ya lugha. Watoto wengi wa mkoa huu huanza shule wakiwa na Kiha cha nyumbani, na Kiswahili kizuri hakipatikani kwa kukariri maelezo ya ubaoni. Hupatikana kwa kusoma kurasa nyingi, na hakuna kinachomvuta kijana kufungua ukurasa wa pili kama kutaka kujua muuaji ni nani. Kijana huyohuyo hulipa kiingilio kwenye kibanda umiza kutazama sinema ya kijasusi iliyotafsiriwa na DJ. Hamu anayo, kitabu ndicho hana.

Ni kweli baadhi ya riwaya za Mtobwa zina mapenzi na damu nyingi, na Dar es Salaam Usiku ni ya watu wazima. Dawa yake ni mwalimu kuchagua kinachofaa umri wa wanafunzi wake, siyo kumfungia mwandishi mzima nje ya mlango.

Halmashauri za Kasulu, Kibondo na Kakonko zitenge fungu la kununua riwaya za Mtobwa kwa ajili ya maktaba za sekondari, na wachapishaji wazirudishe mitamboni zile zilizoadimika. Nawe mzazi mwenye nakala iliyochakaa kabatini, mpe mwanao aisome likizo hii.