Mtu wa Nyuma ya Gari

Juma lililopita baba mmoja alikuja ofisini kuchukua cheti cha ubatizo cha mwanawe. Tulipokuwa tukitafuta jina daftarini akaanza kunung'unika: kijana huyo anataka kwenda mjini kupiga muziki. "Karani," akaniuliza, "umepata kuona mpiga tarumbeta aliyetunza nyumba?" Sikuwa na jibu karibu. Lakini usiku nikakumbuka habari za mtu mmoja wa Marekani, nami naileta hapa barazani, kila mzazi aipime mwenyewe.

Mtu huyo ni Edward Ory, ambaye wapenzi wa muziki wanamjua kwa jina la Kid Ory. Kid maana yake ni Mtoto, naye aliitwa hivyo hata alipokuwa babu mwenye mvi. Alizaliwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1886, katika shamba la miwa la Woodland, karibu na mji mdogo wa LaPlace, katika jimbo la Louisiana. Hapa karani wa parokia hana budi kucheka kidogo. Katika Louisiana wilaya za serikali huitwa parokia mpaka leo, maana nchi ile zamani ilitawaliwa na Wafaransa na Wahispania, watu Wakatoliki, na mipaka ya Kanisa ikatumiwa kuigawa nchi. Basi Ory alizaliwa katika wilaya iitwayo Parokia ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Niliposoma jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni habari ya kisima cha ubatizo, kumbe ni habari ya bwana shauri!

Shamba lenyewe lina historia nzito. Mwezi wa Januari 1811 watumwa wa hapo waliinuka, wakajiunga na wa mashamba ya jirani, wakafuata njia ya mto kwenda New Orleans kutafuta uhuru. Walishindwa, na wengi wakauawa. Ory alipozaliwa utumwa ulikuwa umekwisha kwa miaka ishirini na zaidi, lakini miwa ilikuwa ile ile. Baba yake alikuwa Mzungu mwenye asili ya Kifaransa. Mama yake alikuwa mtu wa damu iliyochanganyika, ya Waafrika na ya wengine. Nyumbani walisema Kikreoli, ndicho Kifaransa cha watu wa kule.

Yeye na wavulana wenzake walipenda muziki, ila hawakuwa na chombo hata kimoja. Wakafanya nini? Usiku walikwenda darajani, wakasimama gizani, wakavumisha nyimbo kwa midomo iliyofumbwa, kila mmoja akishika sauti yake. Baadaye wakajitengenezea vyombo vya nyuzi kwa masanduku ya sigara. Kisha wakaanza biashara: walikaanga samaki, wakatoza kiingilio kidogo, watu wakala na kucheza huku wavulana wakipiga. Mtoto aliyekuwa akishika hesabu ya zile senti alikuwa Ory. Tazama hapo, ewe mzazi: hata kabla hajajua kupiga vizuri, alikwisha kujua kwamba muziki una mapato na una gharama, na kwamba samaki wa kukaanga hununuliwa kwanza.

Wazazi wake wakafa angali kijana. Kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatawaacha dada zake mpaka atimize miaka 21. Jambo hili nalitaka lisomwe polepole, maana kishawishi hakikukawia kuja. Siku moja alikuwa New Orleans, nyumbani kwa dada yake aliyeolewa huko, akijaribu tromboni mpya. Mlango ukagongwa. Aliyesimama nje alikuwa Buddy Bolden, mpiga koneti aliyekuwa na sifa kuliko wote mjini, ambaye wazee wengi wa New Orleans walimtaja kuwa baba wa muziki ule ulioitwa baadaye jazi. Bolden alikuwa amesikia sauti ya chombo akipita njiani, naye akataka kumchukua kijana katika bendi yake. Dada mtu akakataa: bado mdogo. Ory akatii, akarudi shamba. Mwaka 1907 Bolden alipatwa na maradhi ya akili akawekwa hospitali, na huko alikaa mpaka alipokufa mwaka 1931. Ory hakupata kupiga naye.

Ahadi ilipotimia, ndipo akahamia mjini pamoja na bendi yake.

Nawaeleza sasa chombo chenyewe, kwa wale ambao hawajakiona. Tromboni ni tarumbeta ndefu ya shaba isiyokuwa na vitufe vya kubonyeza kama koneti. Mpigaji hushika bomba la mbele akalisukuma na kulivuta, na bomba likirefuka sauti hushuka, likifupika hupanda. Kwa kuwa hakuna kituo katikati, sauti inaweza kuteleza kutoka chini mpaka juu kama mtu anayeinuka usingizini akinguruma. Sasa, katika New Orleans ya siku zile, dansi ikikaribia, bendi ilipandishwa juu ya gari la farasi ikazungushwa mitaani kutangaza habari. Gari ni jembamba na watu ni wengi. Mwenye tromboni akikaa katikati, bomba lake litamng'oa mwenziwe jino. Basi aliwekwa nyuma kabisa, ubao wa nyuma ukashushwa, naye akalivuta bomba hewani kwa raha yake. Hata namna yenyewe ya kupiga, ya kuteleza na kunguruma chini ya wengine, ikapewa jina la ubao ule wa gari, na Ory ndiye anayetajwa kuwa bingwa wake. Magari mawili yakikutana njia panda, bendi zilishindana mpaka watu waamue nani mshindi. Wazee waliocheza beni pwani na bara hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi ya tromboni katika muziki ule si kuongoza. Koneti hushika wimbo, klarineti huchezacheza juu yake kama ndege, tromboni hukaa chini, ikijaza pengo, ikimsukuma mwenye koneti wakati anapotaka kuchoka. Ajabu ya Ory ni hii, kwamba alikaa nyuma ya gari na bado bendi ilikuwa yake. Alikodi ukumbi mwenyewe, akauza tikiti, akawalipa watu wake. Kumbi nyingine zilikuwa mali ya vyama vya kusaidiana vya Weusi na Wakreoli, wenye kuchangiana kwa ugonjwa na maziko. Mojawapo, Economy Hall, ilikuwa ya chama kilichoanzishwa mwaka 1836.

Nani walipita mikononi mwake? Mutt Carey, Johnny Dodds, Jimmie Noone, Joe Oliver aliyeitwa Mfalme. Mwaka 1918 Oliver alipokwenda Chicago, Ory alihitaji mpiga koneti. Kulikuwa na kijana maskini, mtoto wa mama, aliyejifunza koneti katika nyumba ya kurudia watoto watukutu. Ory alisimulia kwamba alimwambia kijana atafute suruali ndefu, naye atampa kazi. Na kabla ya saa mbili kupita kijana akawa mlangoni, amevaa suruali. Jina lake Louis Armstrong. Ndiye yule ambaye mwaka 1960 alikuja Afrika na tarumbeta yake, akapiga Léopoldville na Nairobi, watu wakamlaki kama mfalme.

Mwaka 1919 Ory alihamia California kwa ajili ya afya yake. Huko Los Angeles, mwaka 1922, bendi yake ilitia sauti katika sahani za santuri, na hizo ni miongoni mwa sahani za kwanza kabisa za jazi kupigwa na Weusi wa New Orleans. Wazungu wa mji ule ule walikuwa wametangulia miaka mitano, mwaka 1917. Sahani za Ory zilipotoka zilikuwa na karatasi ya kampuni iliyozitengeneza; ndugu wawili wenye duka waliokuwa wamezigharimia wakabandika karatasi yao juu ya ile. Biashara haina haya.

Mwaka 1925 akaenda Chicago. Tarehe 12 Novemba mwaka huo waliingia chumba cha kutilia sauti watu watano: Armstrong na mkewe Lil Hardin kwenye piano, Dodds na klarineti, Johnny St. Cyr na banjo, na Ory na tromboni yake. Sasa bwana mkubwa ni yule wa suruali, na mwajiri wa zamani ni mtu wa mshahara. Ory alikuwa akikaribia miaka 39. Sikuona popote kwamba alinung'unika. Alikaa chini ya koneti akaisukuma kama desturi. Muziki wa kundi lile hufundishwa vyuoni hata leo. Tarehe 26 Februari 1926 walipiga wimbo wake, Muskrat Ramble, wenye jina la mnyama wa majini aliye kama panya mkubwa. Armstrong baadaye alidai kwamba wimbo aliutunga yeye na Ory aliupa jina tu. Ndivyo ilivyo kwa nyimbo na kwa ng'ombe waliochanganyika malishoni. Sheria lakini ilimjua Ory.

Ndipo njaa ikaja. Baada ya mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, kumbi zikafungwa, na vijana waliobaki na senti walitaka bendi kubwa za namna mpya. Mtindo wa New Orleans ukawa kitu cha wazee. Karibu na mwaka 1933 Ory aliiweka tromboni. Alikuwa amerudi Los Angeles. Akafuga kuku pamoja na ndugu yake, akafanya kazi ya barua katika reli, akafagia. Mtu aliyemfungulia mlango Armstrong alikuwa akiokota mayai. Sisi wa vijijini hatutaona aibu hapo, kuku ni mali. Lakini fikiri mwenyewe, miaka karibu kumi, na mkono uliozoea kuvuta bomba umeshika ufagio.

Mwaka 1942 mpiga klarineti Barney Bigard akamwita tena kazini. Kisha mwaka 1944 Orson Welles, mwigizaji mashuhuri wa sinema, alitaka bendi ya wazee wa New Orleans kwa kipindi chake cha redio, ikapatikana: Ory, Mutt Carey, Jimmie Noone, na wengine. Watu wakaandika barua wakiomba zaidi. Tarehe 19 Aprili, siku ya kipindi, habari ikaja kwamba Noone amekufa ghafula. Alikuwa na Ory tangu siku za New Orleans, miaka thelathini nyuma. Redio haingoji matanga. Mtu mwingine akatafutwa kushika klarineti, na jioni ile bendi ikapiga wimbo wa huzuni kwa ajili ya marehemu, Ory akiwa mahali pake pa chini. Wimbo huo ukabaki katika kazi yake, ukiitwa kwa jina la Jimmie.

Tangu hapo mlango haukufungwa tena. Mwaka ule ule kampuni ndogo ilianzishwa makusudi ili kutoa sahani zake, naye aliimba katika baadhi yake kwa Kikreoli cha mama yake, mbele ya Wamarekani wasiojua hata neno moja. Wakanunua. Mwaka 1956 na 1959 alizunguka Ulaya. Mwaka 1958 alifungua ukumbi wake mwenyewe San Francisco, akauita kwa jina la tuta la mto, tuta lile linalozuia maji ya Mississippi yasiingie nyumba za kwao. Ukafungwa mwaka 1961. Muskrat Ramble nayo ilitiwa maneno, wadada watatu waitwao McGuire wakaiimba mwaka 1954, na fedha za mtunzi zikaanza kumfikia mzee ambaye zamani aliuza mayai. Ningetaka kila kijana mwenye gitaa alijue hilo neno: haki ya mtunzi. Mwaka 1965 mwimbaji mmoja alitunga wimbo wa kupinga vita ya Vietnam, ukapata sifa kubwa. Binti wa Ory aliona kwamba umechukua sauti ya baba yake, akaenda mahakamani mwaka 2001. Hakimu akasema amechelewa mno, miaka zaidi ya thelathini imepita. Hati zisizofuatiliwa huoza, asema karani.

Ory alistaafu mwaka 1966, akaenda kukaa Hawaii, visiwa vya joto katikati ya bahari. Akafa Honolulu tarehe 23 Januari 1973, umri wake miaka 86. Mwili ulirudishwa California ukazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Msalaba Mtakatifu, mjini Culver City.

Cheti cha yule kijana bado kiko mezani kwangu. Baba yake alikisahau katika kunung'unika.