Mgombea wa Kamati ya Shule Aulizwe Nini?

Wazazi wanapokutana kuchagua wajumbe wa kamati ya shule, kila mgombea huahidi madarasa na madawati. Ahadi hizo si mbaya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977, na kufutwa kwa ada mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulijaza tena vyumba. Watoto hawana budi kupata pa kukaa. Lakini kukaa si kujifunza.

Tunapokwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, twaona mara nyingi kwamba mwalimu hodari hupewa Darasa la Saba kwa ajili ya mtihani, na Darasa la Kwanza, lililofurika watoto, huachiwa yeyote aliyebaki. Mtoto afikaye Darasa la Tatu bila kujua kusoma hunakili ubaoni asichokielewa.

Kamati haipangi walimu, lakini hujadili mpango wa shule na matumizi ya fedha zake. Basi mgombea na aulizwe: Darasa la Kwanza lafundishwa na nani, nalo lina vitabu vingapi? Asiyejali jibu la swali hilo, wazazi wasimpe kura.