Ukinunua gari la mkononi, uliza daftari

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaonunua magari ya mkononi hutazama rangi na redio kwanza. Inaniuma, maana nami niliumizwa hivyohivyo. Corolla yangu ya 1998 iling'aa, kumbe mwenyewe alikuwa akijaza rejeta maji ya bomba. Siku nilipofungua mfuniko, injini ikiwa ya baridi, yalikuwa na rangi ya chai: kutu tupu. Haukupita mwezi, gasketi ya silinda hedi ikaungua.

Gari la pili nililinunua kwa mzee mmoja aliyeandika kila oili na kila mkanda wa taimingi kwenye daftari la shule, tarehe na kilomita. Rangi imebabuka, lakini gari halijanilaza njiani. Daftari naliendeleza, kila kilomita 5,000. Muuzaji asipokuwa na kumbukumbu, nenda na fundi wako mwenyewe alfajiri, kabla injini haijawashwa.

Msomaji wenu,
Morogoro