Nyumba Iliyobaki Kuta Mbili

Katika likizo iliyopita tulikwenda Sultan Hamud, kaunti ya Makueni, kumzuru mavyaa wangu. Msomaji wa pwani asilionee ugeni jina hilo: mji huo uliitwa kwa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyefika huko wakati reli ya kutoka Mombasa ikijengwa.

Juu ya kabati palikuwa na kisanduku cha matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya Lego, na ndani yake nyumba iliyosalia kuta mbili. Picha yake ingali nzima imo katika albamu: marehemu shemeji yangu, mtoto wa miaka tisa, ameishika kwa mikono miwili. Mwanangu akaomba ruhusa aijenge upya.

"Jenga, mjukuu wangu," bibi yake akamwambia, "lakini kuta hizo usizivunje. Aliziweka ami yako."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwani karatasi ya maelekezo ilikwisha kupotea. Mtoto aliitumia picha: akahesabu safu za matofali kutoka chini hadi dirishani, akajua kimo. Fundi jirani, mzaliwa wa Kitui aliyezoea matofali ya kuchoma, alimwonyesha namna ya kupishanisha viungo ili ufa usishuke wima. Kanuni ni moja kwa udongo na kwa plastiki.

Mimi nilidhani matofali mapya hayatashikana na ya kale. Nilikosea. Tofali hilo lenye mirija kwa ndani lilisajiliwa Denmark mwaka 1958, na hadi leo jipya hukaa sawasawa juu ya lile la zamani. Rangi ndiyo haipatani: nyeupe ya kale imegeuka manjano, na kiraka chaonekana kwa mbali.

Katika ukuta wa nyuma mlikuwa na tofali moja jekundu kati ya meupe. Nikanyoosha mkono nilitoe, nyumba ipendeze. Mwanangu akanishika kidole. "Mama, bibi amekataza." Nikaona haya.

Nyumba sasa iko mezani, si kabatini. Paa bado: yapungua matofali 16 mekundu ya mteremko. Msomaji aliye nayo stoo, watoto wake wakiwa wamekua, na atuarifu kabla ya likizo ijayo, tutayanunua.